Kondo la Kifungua Mimba



Kifungua mimba mara nyingi huzaliwa mdogo kuliko wadogo zake. Wakunga wanalijua hilo, kina bibi wanalijua, na kila nyumba ina maelezo yake. Binti hakula vizuri. Binti alijikaza kanga kuficha tumbo. Binti alikuwa na mawazo mengi. Akija kuzaa mara ya pili, akatoka mtoto wa kilo tatu na ushee, watu husema sasa amekomaa, amejua kubeba mimba. Lawama za mara ya kwanza anabebeshwa yeye, na hata sifa za mara ya pili zinamkumbusha zile lawama. Leo nataka tumtue mzigo huo, na ili tumtue itabidi tuzungumze juu ya kitu ambacho hutolewa leba kikiwa kimefunikwa, nacho ni kondo la nyuma.

Wengi tunalichukulia kondo kuwa kiungo cha mama. Kwa kweli ni la mtoto. Yai lililorutubishwa linapoanza kugawanyika, katika siku za mwanzo kabisa, sehemu ya seli zake hushika kazi ya kuwa mtoto na sehemu nyingine hushika kazi ya kutengeneza kondo. Kwa hiyo mtoto na kondo lake wametoka katika yai moja. Waganda walilihesabu kondo kuwa pacha wa mtoto, na jamii nyingi za huku kwetu zimelizika kwa heshima, penye mgomba au nyuma ya nyumba. Mimi naona hawakuwa mbali na ukweli.

Mimba ikitimiza miezi yake, kondo la kawaida huwa bapa la mviringo lenye upana wa sentimeta ishirini hivi, unene wa sentimeta mbili au tatu, na uzito wa karibu nusu kilo. Ukilinganisha na mtoto, ni kama moja ya sita ya uzito wake. Upande mmoja ni laini na unang'aa, na hapo ndipo kitovu kinapojishika. Upande wa pili ni mwekundu wa damu, umegawanyika mafungu mafungu, na ndio uliokuwa umeshikana na mji wa mimba. Mkunga aliyefunzwa huligeuza pande zote mbili na kulikagua, maana fungu likibaki ndani mama anaweza kuvuja damu hadi kufa. Kwa miezi tisa kiungo hiki kimekuwa mapafu ya mtoto, figo zake na mlango wa chakula chake. Kikiwa kidogo kupita kiasi au kikifanya kazi vibaya, mtoto hana pengine pa kupata riziki.

Sasa tuje kwenye ulinganisho wenyewe. Mwanamke akizaa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, makondo yake hulingana?

Kwa wastani hayalingani. La kwanza ndilo dogo. La pili hulizidi la kwanza kwa gramu makumi kadhaa, na kuanzia hapo ongezeko huwa dogo zaidi. Uzito wa mtoto hufuata mwendo huo huo: kifungua mimba kwa kawaida ni mwepesi kwa kati ya gramu mia moja na mia mbili kuliko anayemfuata. Nchi iliyotuwezesha kuliona jambo hili kwa watu wengi ni Norwe. Tangu mwaka 1967 wanaandikisha kila uzazi katika daftari moja la taifa, na tangu mwaka 1999 wanaandika humo na uzito wa kondo. Hebu fikiria, msikilizaji: mama akizaa leo na akazaa tena baada ya miaka mitatu, makondo yake mawili yanaweza kuwekwa pamoja na kulinganishwa, ya huyo huyo mwanamke, bila kubahatisha.

Kwa nini la kwanza liwe dogo? Jibu liko kwenye mishipa ya mama. Ndani ya ukuta wa mji wa mimba kuna mishipa myembamba ya damu iliyojipinda. Kabla ya mimba kazi yake ni ndogo, lakini mimba ikikomaa, mji wa mimba hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Mishipa ile myembamba haiwezi kupitisha damu hiyo yote. Basi seli za kondo huingia zenyewe ukutani, hupenya hadi kwenye mishipa ya mama, huondoa misuli inayoibana na kuiacha ipanuke. Mara ya kwanza kazi hiyo inafanyika katika ukuta ambao haujawahi kufunguliwa. Mama akishajifungua, mishipa husinyaa lakini hairudi kabisa ilivyokuwa. Mimba ya pili inakuta njia iliyokwisha kufyekwa. Ndiyo maana madaktari wakipima mtiririko wa damu kwenye mishipa mikubwa ya mji wa mimba kwa ultrasaundi, kwa wanawake waliokwisha kuzaa hukuta damu inapita kwa upinzani mdogo kuliko kwa wanaoanza.

Na si mishipa peke yake inayobaki na alama. Ndani ya mji wa mimba kuna seli za kinga za aina yake, ambazo kazi yake kubwa ni kulisaidia kondo lishike na mishipa ikue. Mwaka 2018 watafiti wa Jerusalem walitoa matokeo yanayoonyesha kwamba kwa mwanamke aliyekwisha kubeba mimba, baadhi ya seli hizo hubaki zikiwa zimefundishwa. Mimba nyingine ikija, zinaifanya kazi hiyo kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Mwili wa mama, kwa maana hiyo, unakumbuka.

Hapo hapo ndipo inapoeleweka kwa nini kifafa cha mimba huwaandama zaidi wanawake wa mimba ya kwanza. Mishipa isipofunguka vizuri, kondo hukosa damu ya kutosha na kuanza kumwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyochokoza mishipa yake mwili mzima. Shinikizo la damu hupanda, protini huonekana kwenye mkojo, kichwa huuma, macho huona ukungu, na hali ikizidi mama huanguka kwa degedege. Waliokwisha kuzaa nao hupata, hasa aliyewahi kukipata kabla. Wanorwe waliwafuatilia wanawake zaidi ya 180,000 na kutoa matokeo mwaka 2017: ambao kondo lao la kwanza lilikuwa dogo walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupatwa na tatizo hilo katika mimba ya pili. Kondo la kwanza linatoa habari za mimba ijayo, na sisi kila siku tunalizika bila kuliuliza kitu.

Wastani si hukumu ya mtu mmoja, na mama anayenisikiliza asianze kuhesabu gramu. Kondo la mtoto wa kiume huwa zito kidogo kuliko la wa kike. Mtoto njiti huja na kondo dogo kwa sababu muda haukutimia. Kisukari cha mimba hulikuza. Hata namna ya kupima inadanganya: kitovu kikibanwa mapema, damu ya mtoto hubaki ndani ya kondo na mizani hupanda, ukisubiri dakika moja au mbili, damu hiyo humwendea mtoto mwenyewe, anakostahili kuipata, na kondo linakuwa jepesi. Kwa hiyo wa kwanza kuwa na kondo kubwa kuliko wa pili si ajabu wala si dalili ya jambo baya.

Haya niliyosema yanahusu wanawake wa dunia nzima. Lakini huku kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria, mwambao, na mabonde yenye joto, kuna kitu kinachoupanua ufa kati ya mimba ya kwanza na zinazofuata kuliko mishipa. Kitu hicho ni malaria.

Mtu mzima aliyekulia sehemu yenye malaria nyingi amejenga kinga tangu utotoni. Anaumwa, lakini si kama mtoto mdogo. Basi binti aliyekulia huko anashika mimba, na ghafla malaria inamshambulia kana kwamba hajawahi kuiona. Kwa miaka mingi watu walidhani ni mimba tu inapunguza kinga. Lakini kama ni hivyo, mbona katika mimba ya tatu na ya nne haimshambulii hivyo? Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, waliofanya kazi magharibi mwa Kenya, walionyesha kinachotokea. Vimelea vinavyojificha kwenye kondo si sawa na vile vinavyokaa sehemu nyingine za mwili. Vinaifanya chembe nyekundu ya damu ijishikize kwenye aina ya sukari iliyopo kwenye kuta za kondo. Mwanamume hana kondo. Binti ambaye hajawahi kushika mimba hana kondo. Kwa hiyo kinga yao haijawahi kukutana na vimelea vya namna hiyo, wala haijapata nafasi ya kuvitengenezea kingamwili. Mimba ya kwanza ndiyo inayovifungulia mlango. Vimelea vinajazana ndani ya kondo, kondo linavimba kwa ugomvi wa kinga na vimelea, chakula na hewa havipiti sawasawa, mama anapungukiwa damu, na mtoto anazaliwa mdogo au kabla ya siku zake. Na jambo la kutisha ni kwamba damu ya kidoleni inaweza kupimwa ikaonekana safi, kumbe vimelea vyote vimehamia kule.

Mimba ya pili ikija, kingamwili zimekwisha anza kujengeka. Ya tatu zina nguvu zaidi. Kwa hiyo mwanamke wa Siaya au wa Muheza anaweza kuzaa kifungua mimba wa kilo mbili na robo na kitinda mimba wa kilo tatu na nusu, chakula kile kile, shamba lile lile, mume yule yule. Mtu anayemlaumu kwa yule wa kwanza anamlaumu kwa kosa la mbu.

Muheza, mkoani Tanga, ilikuja kuwa mahali pa utafiti mkubwa wa jambo hili, wakifuatiliwa akina mama pamoja na watoto wao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalileta jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mama mzoefu, aliyekwisha kuzaa mara kadhaa, akikutwa na malaria kwenye kondo, mtoto wake ndiye alikuwa katika hatari kubwa ya kuanza kuugua malaria mapema. Kwa watoto wa mimba za kwanza haikuwa hivyo. Nalisema hili ili nisije nikaeleweka kwamba mama wa mimba ya nne anaweza kuacha chandarua. Uzito wa mtoto wake unaweza kuwa mzuri, na bado malaria ya kondo ikamfuata mtoto huyo baada ya kuzaliwa.

Kinga hii ya kurithishana kutoka mimba moja hadi nyingine inaweza kuvunjwa. Virusi vya UKIMWI vinaivunja. Tafiti za Malawi na za Kisumu zilionyesha kwamba mwanamke anayeishi na virusi, hata akiwa kwenye mimba ya nne, kondo lake linaweza kushambuliwa na malaria karibu kama la anayeanza. Na katika sehemu zenye malaria kidogo, kama nyanda za juu ambako inakuja kwa msimu, hakuna kinga ya kurithi, kwa hiyo mimba ya kwanza na ya tano zote ziko wazi.

Dawa ya kuzuia malaria ya kondo ipo na ni rahisi. Ni vidonge vya SP, vitatu kwa mkupuo mmoja, vinavyomezwa mbele ya muuguzi, kuanzia mimba inapoingia miezi minne. Tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani linashauri mama apewe kila anapohudhuria kliniki, mradi upite mwezi mmoja tangu dozi iliyotangulia, na zisipungue dozi tatu. Mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi SP, maana dawa hizo mbili hazichanganywi, na kotrimoksazoli yenyewe inamkinga. Kenya hutoa SP katika maeneo yenye malaria nyingi, yaani upande wa ziwa na pwani. Chanjo mbili zinazolenga vimelea vya kondo zimeshajaribiwa kwa watu katika hatua za mwanzo, moja Ujerumani na Benin, nyingine Ufaransa na Burkina Faso. Ikifaulu hata moja, binti anaweza kuingia kwenye mimba ya kwanza akiwa na kinga ambayo mama yake aliipata kwa kumpoteza mtoto.

Lakini ni nani anayechelewa kwenda kliniki kuliko wote? Ni huyo huyo wa mimba ya kwanza. Ana miaka kumi na minane, pengine kumi na sita. Anaogopa kuonekana. Anaogopa muuguzi atamfokea. Anasubiri tumbo lionekane lenyewe ndipo aende, na kufikia hapo dozi ya kwanza ya SP imempita na shinikizo lake la damu halijapimwa hata mara moja. Mwanamke wa mimba ya tano, ambaye mwili wake umekwisha jifunza, ndiye anayejua njia ya kliniki, ndiye anayejua muuguzi yupi ni mpole. Jambo hili linaniuma kusema kweli. Yule ambaye kondo lake linahitaji ulinzi kuliko wote ndiye tunayemwacha mlangoni akiona haya.

Tusidhani pia kwamba kondo kubwa ndilo zuri siku zote. Mama akiwa na upungufu wa damu, kondo lake linaweza kutanuka kutafuta hewa ambayo damu haina, mtoto akabaki mdogo huku kondo likiwa kubwa. Utafiti wa Oxford wa mwaka 1991, wa wanawake 8,684, ulilionyesha hilo. Mwaka mmoja kabla yake, daktari David Barker na wenzake walichukua kumbukumbu za watu 449 waliozaliwa kati ya 1935 na 1943 katika hospitali moja ya mji wa Preston, Uingereza, ambako wakunga walikuwa wamepima na mtoto na kondo. Waliwatafuta watu wale wakiwa na umri wa miaka karibu hamsini, wakawapima shinikizo la damu. Walioongoza kwa shinikizo kubwa ni wale waliozaliwa wadogo wakiwa na kondo kubwa. Wakunga wale wa Preston hawakujua kwamba namba walizoandika kwenye daftari zingesomwa nusu karne baadaye, lakini waliziandika.

Na mwili unaojifunza huchoka pia. Mimba zikifuatana bila nafasi, mama anaingia ya tatu akiwa bado na deni la damu la ya pili. Ndiyo sababu inashauriwa ipite angalau miaka miwili tangu kujifungua hadi kushika mimba nyingine. Kadiri uzazi unavyoongezeka, ndivyo uwezekano wa kondo kutangulia mlangoni mwa uzazi unavyoongezeka. Kwa aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, jambo linakuwa zito zaidi. Kovu la upasuaji halina ukuta laini wa kulipokea kondo, na kondo likijishika hapo linaweza kuzama hadi kwenye msuli na lisibanduke. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2006 ulikuta kwamba, kwa mama ambaye kondo limetangulia, hatari ya kondo kuzama hivyo ilikuwa asilimia 3 katika upasuaji wake wa kwanza, 11 wa pili, 40 wa tatu na 61 wa nne. Mama mwenye makovu mawili asiende kujifungulia zahanati iliyo karibu na nyumbani kwa kuwa ni karibu. Aulize mapema kwa ultrasaundi kondo liko wapi, na ajifungulie penye daktari wa upasuaji na damu ya kuongezewa.

Nimalizie na maombi mawili.

La kwanza ni kwako mama. Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, muulize mkunga: kondo lilitoka zima? Lilikuwa kubwa, dogo, la kawaida? Lilitoka lenyewe au lilivutwa kwa mkono? Mwambie akuandikie kwenye kadi, na kadi hiyo usiitupe mtoto akishamaliza chanjo. Ukishika mimba nyingine, nenda nayo kliniki siku ya kwanza. Mtaalamu akijua kwamba mtoto wako wa kwanza alikuwa na kilo mbili, shinikizo lilipanda mwezi wa nane na kondo lilikuwa dogo, atakupangia mahudhurio ya karibu karibu, na anaweza kukuanzishia aspirini ya dozi ndogo mapema kabla tatizo halijarudi. Usijinunulie dukani, yeye ndiye anayejua kama inakufaa.

La pili ni kwa wakuu wa vituo vyetu. Kondo tayari linakaguliwa. Mkunga tayari ameshika kalamu na daftari la leba liko wazi mbele yake. Kinachokosekana ni mizani ndogo ya mezani, beseni ambalo uzito wake unajulikana, na safu moja zaidi kwenye daftari. Wekeni safu hiyo pembeni ya uzito wa mtoto, na wakunga wakubaliane namna moja ya kupima: kitovu kikatwe wapi, mabonge ya damu yaondolewe au yaachwe. Baada ya miaka mitano, mama wa Muheza, wa Kisumu au wa Kigoma akirudi na mimba ya pili, daktari atafungua ukurasa na kuona la kwanza lilikuwaje.